Barafu ya Kobole, Theluji ya Vitabu

Pita Kariokor mida ya saa tisa na nusu mchana, watoto wakitoka shule, na utege sikio. Utasikia barafu: juisi iliyogandishwa kwenye karatasi nyembamba, nyekundu ama ya njano, ambayo mtoto hununua kwa kobole au ashu, akaing'ata pembeni na kuinyonya mpaka ibaki nyeupe bila ladha. Utasikia baridi, kwa sababu dukani soda ni za aina mbili tu, baridi na moto, na hiyo ya moto haijawahi hata kukaribia jiko. Ukivuka upande wa Gikomba utaona barafu nyingine, ya mabonge, ikipondwa juu ya samaki. Theluji hutaisikia. Theluji ni neno la insha, la kadi za Krismasi, la tafsiri, la mtangazaji anayesoma habari za Ulaya.

Kwa hivyo msee akiniambia theluji ni neno la kuazima ambalo Eastlands halina kwao, naelewa ametoa wapi hiyo. Ila sikubaliani naye. Neno hili lina makao mengi kwetu, na mengine yako karibu na Kariokor kuliko anavyodhani. Shida iko kwa sisi tunaoandika. Tumelichukua neno, tukalifungia kwenye chumba kimoja alichotupangia Mzungu, kisha tukalalamika kwamba halina uhai.

Tuanze na asili. Theluji imetoka kwa Kiarabu, *thalj*. Ukimwambia mhudumu wa hoteli kule Cairo akuwekee *thalj* kwenye juisi, hataenda kutafuta mlima. Atakuletea vipande vya barafu. Neno hilo moja hubeba kile kinachoanguka kutoka angani na kile kinachotoka kwa friji. Barafu nayo imetoka kwa Kiajemi, *barf*, na hapo ndipo mambo yanakuwa matamu: kwa Mwajemi *barf* ni theluji, ile yenyewe, inayofunika milima iliyo juu ya Tehran. Uhindini neno hilohilo likabeba vyote viwili, theluji ya Himalaya na barafu ya kwenye glasi. Mwaka 1833 meli iliyotoka Boston, Marekani, ilishusha barafu ya kukatwa ziwani katika bandari ya Calcutta, na katika lugha za huko barafu ya kununuliwa ikaitwa kwa jina la theluji ya mlimani.

Maana yake ni kwamba maneno yetu yote mawili, theluji na barafu, ukiyarudisha kwa mababu zao yanakutana kwenye kitu kimoja cheupe. Kiswahili kilipokea majina mawili ya kitu ambacho pwani haikukiona kikianguka hata siku moja. Lugha nyingine ingelitupa moja. Kiswahili kikayagawia kazi. Theluji ikapewa kinachotoka juu, kinachoonekana kwa mbali. Barafu ikapewa kinachoshikika, kinachong'atwa, kinachowekwa kwenye maji. Hakuna Mwarabu wala Mwajemi aliyetufundisha mgawanyo huo. Ni uamuzi wa wasemaji, watu wa bandarini na jikoni, na mimi nauona ni uamuzi wa kifasihi kabisa: wametenga cha kutazama na cha kuonja.

Angalia pia mdomo ulivyofanya kazi. Kiswahili hakipendi konsonanti mbili zikigongana mwishoni mwa neno, kwa hiyo *barf* ikaongezwa irabu ikawa ba-ra-fu, na *thalj* ikawa the-lu-ji. Mdomo huohuo ndio uliolichukua jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Carrier Corps, Dar es Salaam ikalifanya Kariakoo, irabu mpaka mwisho, safi. Nairobi ikalifanya Kariokor na kuiacha ile r imening'inia, kama kawaida yetu ya kutomaliza mambo. Leo ukitaja Kariokor, mtu anafikiria nyama choma, viondo na viatu vya akala. Jina lilianza na mzigo na maiti, likafika kwenye mbavu na ugali. Asili ya neno inakuonyesha lilikotoka. Likishafika, wenyeji ndio wanaoamua litafanya kazi gani.

Shikilia hapo, kwa sababu kuna siku moja maarufu ambapo wawili walitazama kitu kilekile cheupe na kukipa majina tofauti. Ilikuwa tarehe 11 Mei 1848. Johannes Rebmann, mmishonari kutoka Ujerumani aliyekuwa akiishi Rabai karibu na Mombasa, alikuwa akielekea nchi ya Wachaga. Kiongozi wa msafara wake alikuwa Mswahili aliyeitwa Bwana Kheri. Rebmann aliona juu ya mlima mmoja kitu kinachong'aa kama wingu jeupe. Akamwuliza kiongozi wake ni nini kile. Bwana Kheri akamjibu kwa neno moja: baridi. Rebmann akaandika kwenye shajara yake kwamba mwenzake alikiita baridi tu, lakini yeye hakuwa na shaka kwamba ile ilikuwa theluji.

Kisa hiki kimerudiwa kwenye vitabu vingi vya wasafiri, na mara nyingi husomwa namna moja: Mzungu alijua, Mwafrika hakujua. Mwenye neno ndiye mwenye ujuzi, na aliyesema baridi alikuwa amekosa neno. Kama somo la fasihi, usomaji huu ni mvivu. Rebmann alitambua kwa macho. Alikulia Gerlingen, kusini mwa Ujerumani, ambako theluji huanguka kila mwaka, akaona weupe na kumbukumbu ikafanya kazi iliyobaki. Bwana Kheri alitaja kile ambacho kitu kile humfanyia mtu. Mmoja alitoa rangi, mwingine akatoa athari. Ukiwa kiongozi wa msafara na kazi yako ni kuwarudisha watu nyumbani wakiwa hai, ni habari gani iliyo na faida zaidi kuhusu kilele kile?

Na baridi ile haikuwa ya mchezo. Rebmann alisimuliwa pia kwamba zamani mtawala mmoja wa Machame aliwatuma watu wapande juu wakachunguze ule weupe, akitarajia kwamba ni fedha. Mmoja tu ndiye aliyerudi, mikono na miguu yake imeharibika. Kwa watu wenye hadithi kama hiyo, kuuita mlima baridi ni ripoti kamili. Hiyo ni tahadhari, historia na maelezo ya sayansi vyote ndani ya neno moja la silabi tatu.

Kichekesho ni kwamba Rebmann mwenyewe hakuaminiwa. Kule London mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kutia mguu Afrika Mashariki, alishikilia kwamba theluji karibu na ikweta haiwezekani, na mwaka 1852 alichapisha kitabu chenye msimamo huo. Kwake yeye, theluji ilikuwa mali ya kaskazini. Ilibidi miaka ipite na wasafiri wengine wapande, akiwemo Karl Klaus von der Decken mwaka 1862, ndipo ubishi ukaisha. Usimcheke Cooley haraka. Aprili 2020, wakati wa korona, hewa ya jiji ilipotulia, picha ya Mlima Kenya ukiwa nyuma ya maghorofa ya Nairobi ilizunguka mitandaoni, na Wakenya kibao wakasema imetengenezwa kwa kompyuta. Theluji yetu wenyewe, kutoka kwa jiji letu wenyewe, tukaona ni feki. Cooley angetupenda sana.

Mbona tunakuwa hivyo? Nafikiri ni kwa sababu theluji tuliyofundishwa haiwezi kukaa kwetu. Tuliipata kwenye vitabu vya hadithi vya Kiingereza, vya watoto wenye mashavu mekundu. Chimamanda Ngozi Adichie alilieleza hilo mwaka 2009 katika hotuba yake kuhusu hatari ya simulizi moja: akiwa mtoto Nigeria aliandika hadithi za watu weupe wanaocheza kwenye theluji ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuiona. Huku kwetu Desemba jua linachoma mabati, na bado maduka makubwa yanatandaza pamba juu ya mti wa plastiki ili kuwe na theluji. Mtoto wa Ziwani anaijua theluji kama pamba. Na pamba, kama ujuavyo, mtaani ni nguo kali. Angalau hapo tumeongeza maana.

Sasa njoo kwenye makao ambayo hatuyaangalii. Ndani ya Kariokor kuna makaburi ya Waislamu. Marehemu kabla ya kuzikwa husaliwa, na katika dua ambayo wengi humwombea, Mungu anaombwa amsafishe kwa maji, kwa theluji na kwa mvua ya mawe, mfano wa nguo nyeupe inavyotolewa uchafu. Dua ni ya Kiarabu, na neno lililomo ni lilelile *thalj*. Kwa hiyo theluji hutajwa kwa ajili ya watu wa Pumwani, Majengo na Eastleigh wanaolala pale. Kanisani nako, Zaburi ya 51 na kitabu cha Isaya vimewafundisha waumini kwamba aliyesamehewa huwa mweupe kuzidi theluji. Mathe anayeuza barafu ya kobole Jumatatu aliomba theluji Jumapili. Hajawahi kuiona, ila anajua kazi yake: inaosha.

Na si Kiswahili peke yake. Kwa Kikuyu, theluji ni *ira*, na *ira* ni jina pia la ule udongo mweupe ambao wazee waliutumia kwenye sherehe za utakaso na baraka. Hapo weupe wa kileleni na weupe wa kwenye ngozi ya mtu anayebarikiwa vimepewa neno moja. Tena hili halikuletwa na meli yoyote. Limeng'olewa ardhini.

Ukishaona hivyo, familia nzima ya maneno ya baridi inaanza kusema kitu kimoja. Chukua burudani. Tunaitumia kwa muziki, sinema, mpira, raha zote za wikendi. Mzizi wake wa Kiarabu ni ule uliozaa baridi, na kuburudika maana yake ya kwanza ni kupata ubaridi, kupoa baada ya joto. Kwa hiyo kila stesheni inayokuahidi burudani inakuahidi ubaridi. Chukua poa. Mambo? Poa. Tunajibu kwa joto la mwili kushuka. Chukua moyo uliopoa, roho iliyotulia, maneno ya kumpoza mtu mwenye hasira. Chukua nyimbo za mapenzi za pwani, ambako mpenzi huitwa barafu wa moyo, na hakuna msikilizaji anayeuliza kama ni tusi. Waarabu nao, waliotupa theluji, wakifurahishwa sana na habari husema imewatilia theluji kifuani. Watu wa nchi za joto wanakubaliana hapa: joto ni taabu, ubaridi ni zawadi.

Sasa mweke mwandishi kijana wa Nairobi, mwenye Kiswahili kizuri, aliyesoma riwaya mia moja za Kiingereza. Anataka kumwonyesha mwanamume katili. Anaandika: *Alikuwa na moyo wa barafu.* Anaona amepiga tamathali moja tamu. Amesahau kwamba nyanya yake akisikia hivyo atauliza, sasa huyo mwanamume ana shida gani? Anaandika: *Alimtazama kwa macho ya baridi.* Msomaji wa Kilifi atafikiri macho yametulia. Anaandika: *Uhusiano wao uliganda.* Hapa kidogo anaponea, maana kuganda kwetu pia ni kushikamana, kung'ang'ania, kama mtoto aliyemganda mamake. Yaani uhusiano ulioganda unaweza kuwa ule wenye nguvu kuliko wote.

Utaniambia lugha hubadilika. Ni kweli, na watoto wetu wameshamwona Elsa, malkia wa barafu wa filamu ya Disney ya mwaka 2013. Yuko kwenye mabegi yanayouzwa Gikomba. Kwa Elsa, kuganda kwa moyo ni kifo, na kinachouokoa moyo ni joto la mapenzi. Hadithi iliyoichochea filamu hiyo, ya Hans Christian Andersen wa Denmark, inatoka kwenye nchi ambayo baridi huua watu majumbani. Ndani ya hadithi yake mantiki hiyo inasimama wima. Ikihamishwa bila kuulizwa maswali hadi kwenye lugha ambayo raha inaitwa burudani, inageuka kuwa sarufi ya Kiswahili yenye damu ya Kidenmark. Sisemi tusiichukue. Nasema tujue tunachofanya, kama mpishi anayejua ametia chumvi mara ya pili.

Lazima pia niwe muungwana: ubaridi wa Kiswahili una upande mchungu. Baridi yabisi ni ugonjwa wa viungo, na aliye nao hahitaji mshairi wa kumweleza uzuri wa baridi. Mapokezi baridi ni ya dharau. Biashara baridi haina wateja. Julai Nairobi, kwenye nyumba ya mabati, baridi inaingia mifupani. Hata Kariokor yenyewe jina lake lina baridi ndani. Machi 1916 majeshi ya Waingereza yalisonga kupitia Taveta kuelekea Moshi, na nyuma yao wapagazi, wanaume waliokamatwa vijijini kubeba risasi na unga. Walipita chini ya Kibo. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa vita vile hawakurudi, na waliouawa na maradhi, kuhara, malaria na vichomi, walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Theluji waliyoipita haikuwaburudisha. Ukitaka baridi inayoua katika Kiswahili, ipo, na ina historia yake hapahapa. Huna haja ya kuiagiza Denmark.

Nadhani hiyo ndiyo tofauti kati ya picha iliyo hai na iliyokufa. Mwaka 1936 Ernest Hemingway alichapisha hadithi fupi yenye theluji ya Kilimanjaro kwenye jina lake. Mwandishi mmoja Mmarekani anakufa polepole kambini, na kilele cheupe ndiko roho yake inakoelekea. Kabla ya yote Hemingway anaweka maelezo mafupi kuhusu mzoga mkavu wa chui uliogandia karibu na kilele. Ni hadithi iliyofinyangwa vizuri, siwezi kumnyima hilo. Lakini isome ukiwa na Bwana Kheri kichwani. Theluji ya Hemingway ni weupe mtupu, usafi wa mtu aliyejichafua, mahali pa kufia peke yako. Wenyeji wanamletea vinywaji. Hakuna anayewauliza kitu kile cheupe wanakiitaje kwa lugha yao ya nyumbani na kinawafanyia nini. Miaka karibu tisini baada ya Bwana Kheri kuulizwa na kujibu, hadithi imerudi nyuma hatua moja: hata swali halipo.

Kuna siku moja ambapo swali liliulizwa tena, na safari hii na wananchi. Septemba 2008, eneo la Busara karibu na Nyahururu, watu waliamka wakakuta mlima umefunikwa weupe. Habari zikaenea haraka kwamba theluji imeanguka Kenya. Watu wakamiminika kuja kuishika, kuirusharusha, kupigwa picha nayo. Wataalamu wa hali ya hewa wakaeleza kwamba ile ilikuwa mvua ya mawe iliyorundikana. Kisayansi wako sawa. Kiswahili kimekuwa na jina la kitu hicho tangu zamani, mvua ya mawe, jina linalokwambia kabisa utafanywa nini ukikaa nje. Lakini waliopanda mlima siku ile hawakwenda kuona mawe. Mawe ya mvua wameyaona tangu utotoni, yakiharibu mahindi na kutoboa majani. Walikwenda kwa sababu ya neno theluji. Neno ndilo lililowatoa nyumbani. Mhakiki yeyote anayetaka kupima nguvu ya neno, ajiulize ni maneno mangapi ya Kiswahili yanayoweza kuwapandisha watu mlimani asubuhi moja.

Na kuna wenzetu ambao kwao theluji ni kazi. Wakenya wa Minnesota na Watanzania wa Toronto wameliokota neno kwenye makao mengine kabisa: kuamka gizani, kuchimbua gari kwa koleo, kuwahi zamu ya kwanza. Video za Desemba wanazotuma kwenye grupu la familia zinaonyesha mtoto akiruka kwenye weupe. Zile za Februari hawazitumi. Wengi wao wakizungumza husema tu *snow*, hata katikati ya Kiswahili safi, na ninaelewa kwa nini. Theluji waliyofundishwa shuleni ni ya kadi, safi na ya kimya. Hii ya kwao ina chumvi ya barabarani na maji machafu ya kijivu. Neno zuri linaona aibu kuvaa gumbuti. Nangoja sana riwaya ya Kiswahili ya mhamiaji itakayolivisha gumbuti, iandike theluji ile chafu ya Februari kwa jina lake la Kiswahili bila kubana pua. Itakuwa imelipa neno makao mapya, sawasawa na watu wa pwani walivyoipa barafu kazi ya glasini.

Muda wa kuyafanya haya hauko mwingi, kwa sababu kitu chenyewe kinatuaga. Novemba 2022 UNESCO ilitoa ripoti ikisema kwamba barafu za kudumu katika maeneo yake kadhaa ya urithi wa dunia zitakuwa zimetoweka kufikia mwaka 2050, na ikawataja Kilimanjaro na Mlima Kenya. Mtoto anayenyonya barafu yake ya kobole leo atakuwa bado kijana wa makamo. Wanaoendeleza msamiati wametupa neno la barafu inayotiririka polepole mlimani: barafuto, barafu na mto zimefungwa pamoja. Ni neno lililoundwa kwa akili, na linauma, kwani tumelipata wakati wenye mito hiyo wanafunga virago. Kirinyaga itabaki. Kibo itabaki. Aya ya Zaburi itabaki, na dua ya pale makaburini Kariokor itaendelea kuomba theluji. Wanaoomba watakuwa hawana hata mlima wa kuunyoshea kidole.

Siiandiki hii ili tuanze kulia. Lugha inajua kuishi na neno ambalo kitu chake kiko mbali. Pwani imeishi na theluji hivyo kwa karne nyingi bila tatizo, ikaifanya dua na sifa ya mpenzi. Ninachoomba kwa wanaoandika, wanaotafsiri, wanaochora katuni, wanaorekodi nyimbo kwenye studio za chumba kimoja, ni kazi ndogo tu. Kabla ya kuandika sentensi yenye baridi, jiulize baridi hiyo inamfanyia nini mhusika wako, hapo alipo. Kama ni ya kuosha, tuna maneno. Kama ni ya kupoza, tunayo mengi mpaka ya kugawa. Kama ni ya kuua, waulize wapagazi. Na kama kweli ni ile ya Elsa, iandike, lakini mpe msomaji dalili kwamba umehama nchi, asije akafikiri yule katili wako mwenye moyo wa barafu ni mume mwema.

Kamusi nazo zinaweza kusaidia. Maelezo ya kawaida ya theluji, ile ya chembe nyeupe zinazoanguka nchi za baridi, yanatuacha nje ya neno letu wenyewe. Ongeza mstari wa pili: kitu cheupe kilicho juu ya Kibo na Kirinyaga. Ongeza wa tatu: kinachoombwa kisafishe. Halafu acha nafasi chini, kwa sababu kuna mtu Minneapolis anakaribia kutuletea wa nne.